Gerome Ragni: mtu aliyepeleka vijana waliokataa vita kwenye jukwaa la Broadway

New York, tarehe 29 mwezi wa nne 1968. Ndani ya teatre ya Biltmore, kwenye barabara ya 47, vijana wenye nywele ndefu wanapita polepole katikati ya viti vya watazamaji na kupanda jukwaani. Hawakuvaa suti wala magauni ya sherehe. Wengine weusi, wengine weupe, wote pamoja. Usiku ule Marekani ilikuwa na wanajeshi karibu nusu milioni huko Vietnam, na Martin Luther King alikuwa ameuawa siku 25 zilizotangulia. Mchezo ulioanza saa ile uliitwa Hair, yaani Nywele. Ungechezwa mara 1,750 katika teatre ile ile.

Mmoja wa waliouandika alikuwa jukwaani na wenzake, kichwa chake kikiwa na nywele nyingi za kujikunja. Jina lake Gerome Ragni. Alikufa mwaka 1991, na leo watu wengi wanaoimba nyimbo zile hawajui kama maneno yake yalitoka kwake na kwa rafiki yake James Rado.

Mtoto wa Pittsburgh

Ragni alizaliwa tarehe 11 mwezi wa tisa 1935 katika mji wa Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania, mji wa viwanda vya chuma. Familia yake ilikuwa kubwa, yenye asili ya Italia. Kwao hakukuwa na utajiri wala jina la kumfungulia milango ya teatre.

Alisoma Washington, kwenye Chuo Kikuu cha Georgetown na kile cha Kikatoliki cha Amerika, na huko ndiko kazi ya kuigiza ilimshika. Kisha akahamia New York, kama wafanyavyo vijana wengi wa Marekani wanaotaka kuishi kwa teatre. Mwaka 1964 alipata nafasi ndogo katika Hamlet ya Shakespeare pale Broadway, mchezo ulioongozwa na John Gielgud na ambamo Richard Burton alikuwa mwigizaji mkubwa. Kwa mwigizaji asiye na jina, hiyo ilikuwa bahati.

Mwaka ule ule aliingia katika mchezo mwingine uliopinga adhabu ya kifo. Mchezo huo haukuenda mbali, ulifungwa upesi sana. Lakini ndipo alipokutana na James Rado, mwigizaji aliyekuwa amemzidi umri kidogo na aliyekuwa amefanya miaka miwili katika jeshi la majini. Rado alikuwa mtu wa utaratibu, aliyeota tangu ujana wake kuandika mchezo wa muziki wa Broadway. Ragni alikuwa moto: mcheshi, mwenye fujo, mtu wa kuruka juu ya meza. Wawili hawa hawakufanana, na labda ndiyo sababu walielewana.

Ragni alikuwa pia katika kundi la Open Theater, lililoanzishwa na Joseph Chaikin na wenzake mwaka 1963. Katika kundi hili waigizaji hawakungoja mtu awaletee maneno yaliyokwisha kuandikwa. Walitafuta mchezo kwa miili yao, kwa kujaribu na kubadilisha kila siku. Mwaka 1966 Ragni alicheza katika Viet Rock, mchezo wa Megan Terry juu ya vita vya Vietnam, mmoja kati ya michezo ya kwanza ya Marekani kugusa vita hivyo wazi. Mambo mengi aliyojifunza humo yalionekana baadaye katika Hair.

Vita na kadi ya jeshi

Ili kuelewa kwa nini Hair iligusa watu hivyo, lazima kujua kijana wa Marekani aliishi namna gani miaka ile. Kila mwanaume akifika miaka 18 alipaswa kujiandikisha serikalini na kubeba kadi ya jeshi. Siku barua ya kumwita ikifika, alienda kupimwa mwili, akanyolewa, akavaa sare, na baada ya miezi michache angeweza kuwa Vietnam. Tangu 1964 mpaka 1973 serikali iliita kwa njia hiyo vijana zaidi ya milioni 1.8.

Mambo mawili yaliwaumiza wengi. La kwanza, mpaka mwaka 1971 umri wa kupiga kura katika sehemu kubwa ya inchi ulikuwa miaka 21. Kijana wa miaka 19 aliweza kutumwa kufa, lakini hakuweza kumchagua wala kumkataa yule anayemtuma. La pili, mtoto wa tajiri aliyekuwa chuo kikuu aliweza kuahirishiwa mwito, wakati mtoto wa maskini, mweusi au mweupe, hakuwa na pa kujificha.

Wengine walikataa wazi. Mwezi wa nane 1965, bunge lilipitisha sheria ya kumwazibu mtu anayechoma kadi yake: miaka mitano gerezani na faini ya dola 10,000. Hata hivyo kadi ziliendelea kuchomwa mbele ya watu. Muhammad Ali, bingwa wa ngumi wa dunia, alikataa kuingia jeshini tarehe 28 mwezi wa nne 1967 katika mji wa Houston. Alinyanganywa taji lake na kuhukumiwa miaka mitano, mpaka Mahakama Kuu ilipomwondolea hatia mwaka 1971. Taji lile alilirudisha Kinshasa, mwezi wa kumi 1974, mbele ya Wazaire waliokuwa wakiita jina lake usiku kucha.

Lakini Ali alikuwa mmoja. Kijana wa kawaida, asiye na jina, asiye na mwanasheria, mwenye baba anayemwambia kwamba kukataa ni aibu kwa familia, angefanya nini? Swali hilo ndilo Ragni na Rado walilichukua.

Kusikiliza vijana wa East Village

Walianza kuandika mwisho wa 1964. Ragni alikuwa karibu miaka 30, na Rado alishaipita. Hakuna kati yao aliyengoja barua ya jeshi. Walichokiona kilikuwa mitaani, katika East Village, sehemu ya New York ambamo vijana walikuwa wanahamia kwa wingi: mahipi, yaani vijana walioacha nyumba za wazazi, wakafuga nywele, wakavaa shanga, wakavuta bangi, wakalala kumi katika chumba kimoja na kusema hawataki vita.

Ragni na Rado walikaa na vijana hao. Walienda kwenye mikutano yao ya Central Park, wakasikiliza wanavyosema, wakaandika maneno waliyoyasikia. Wao wenyewe wakaanza kufuga nywele. Baadhi ya waigizaji wa mchezo walitafutwa barabarani, watu wasiowahi kusimama jukwaani hata siku moja. Ragni hakutaka mtu aliyejifunza kuwa hipi kwa kutazama kioo.

Hata jina walilipata kwa kutembea. Siku moja katika jumba la sanaa la Whitney waliona mchoro wa Jim Dine ulioitwa Hair, wakalichukua. Jina lilitosha kusema yote, kwa sababu miaka ile nywele za kijana zilikuwa siasa. Wazazi waligombana na watoto wao juu ya nywele, wakubwa wa shule waliwafukuza wanafunzi juu ya nywele. Na kitu cha kwanza jeshi lilichokifanya kwa kijana ni kumnyoa.

Kwenye treni

Watayarishaji wengi wa Broadway waliuona mchezo ule wakaukataa. Njia ilifunguka ndani ya treni. Ragni alikuwa akitoka New Haven kwenda New York alipomtambua Joseph Papp kati ya wasafiri. Papp alikuwa mtu mkubwa wa teatre ya New York, mwana wa wahamiaji maskini wa Brooklyn, aliyekuwa akicheza Shakespeare bure kwa wakaaji wote katika Central Park. Mwaka 1958 aliitwa mbele ya tume ya bunge iliyokuwa ikitafuta wakomunisti, akakataa kutaja majina ya wenzake. Ragni hakuona haya. Alimwendea na kumpa kurasa za mchezo.

Papp alikuwa anatafuta mchezo wa kufungulia teatre yake mpya, Public Theater, katika jengo la zamani la maktaba ya Astor, barabara ya Lafayette. Jengo hilo lilikuwa limepokea wahamiaji wa Kiyahudi kwa miaka mingi na lilikuwa karibu kubomolewa. Alisoma, akavutiwa, lakini kulikuwa na tatizo moja: mchezo wa muziki haukuwa na muziki.

Aliyeletwa kuuandika hakufanana na mahipi hata kidogo. Galt MacDermot, Mkanada aliyezaliwa Montreal mwaka 1928, alikuwa na nywele fupi, suti, mke na watoto. Lakini baba yake alikuwa mwanadiplomasia aliyefanya kazi Afrika Kusini, na MacDermot mwenyewe alisomea muziki Chuo Kikuu cha Cape Town. Huko masikio yake yalizoea midundo ya Waafrika weusi, na midundo hiyo aliichukua akarudi nayo. Alipopewa maneno ya Ragni na Rado, alitoa nyimbo za kwanza kwa majuma machache tu. Mtu anayesikiliza Hair kwa makini anasikia chini ya magitaa ya rock kitu kinachotembea kwa mwendo wa Afrika.

Claude na Berger

Hadithi yenyewe ni fupi. Kuna kundi la vijana New York wanaojiita kabila. Mkubwa wao ni Berger, kijana aliyefukuzwa shuleni, asiyemwogopa mtu. Rafiki yake ni Claude, mtoto wa familia ya kawaida, anayejidanganya kwamba alitoka Manchester, Uingereza, kwa sababu maisha ya kwao yanamchosha. Kuna Sheila, msichana mwanafunzi anayepanga maandamano. Kuna Hud, kijana mweusi anayewarudishia wazungu usoni matusi wanayompa. Kuna wengine. Wanaimba, wanapendana, wanagombana, wanavuta bangi.

Kisha barua ya Claude inafika. Wenzake wanachoma kadi zao motoni. Claude anakaribia moto, anasita. Hawezi kuchoma. Hapendi vita, lakini hana nguvu za kuvunja na baba yake, na sheria, na kila kitu alichofundishwa. Usiku anaona katika ndoto vita vyote vya Marekani vikipita mbele yake. Mwishoni rafiki zake wanamtafuta. Yeye yuko pale pale kati yao, amenyolewa, amevaa sare, lakini hawamwoni tena. Amekwisha kufa.

Hapa ndipo nguvu ya mchezo ilipo. Ragni na Rado wangeweza kumfanya Claude shujaa anayekataa, na watazamaji wangerudi nyumbani wakiwa na furaha. Hawakufanya hivyo. Claude anapendwa na watu wengi, na upendo ule haumwokoi. Anaenda kwa sababu hakuamua. Baba na mama waliokaa kwenye viti vya Biltmore, ambao mtoto wao alikuwa Vietnam usiku ule ule au aliyekuwa akingoja barua, walimtambua.

Ragni mwenyewe alicheza Berger. Katika Broadway, Rado alicheza Claude. Kila usiku marafiki wawili walioandika maneno yale walipoteana mbele ya watazamaji.

Kutoka Lafayette mpaka Broadway

Mchezo ulianza katika Public Theater tarehe 17 mwezi wa kumi 1967. Siku nne baadaye, watu karibu laki moja walikusanyika Washington kupinga vita, na wengi wakaandamana mpaka Pentagon, makao makuu ya jeshi. Mchezo na barabara vilisema kitu kimoja.

Papp alikuwa ameupangia majuma machache tu. Ungeweza kuishia hapo, lakini tajiri mmoja wa Chicago, Michael Butler, aliona tangazo lake lenye picha ya Wahindi Wekundu, akadhani ni mchezo juu ya wenyeji hao wa Marekani. Akaingia kuutazama. Alikuta jambo jingine kabisa, na lilimgusa. Butler alikuwa anajitayarisha kugombea kiti cha seneta. Aliacha siasa, akachukua mchezo.

Ulipita kwanza katika ukumbi wa dansi uitwao Cheetah. Halafu waandishi waliurudia kazi yote: nyimbo mpya zaidi ya kumi, mwongozaji mpya, Tom O'Horgan, na fujo nyingi kuliko mwanzo. O'Horgan ndiye aliyeongeza dakika iliyosemwa sana, mwisho wa sehemu ya kwanza, ambapo waigizaji waliotaka walisimama uchi katika mwanga hafifu. Wenye nyumba za teatre waliogopa, na milango mingi ilifungwa mbele yao kabla ya Biltmore kukubali. Hata tarehe ya kufungua ilichaguliwa kwa kusoma nyota.

Karibu theluthi moja ya waigizaji walikuwa weusi. Leo jambo hili laweza kuonekana dogo. Wakati ule, mwigizaji mweusi wa Broadway alizoea kupewa sahani za kubeba. Katika Hair aliimba mbele ya wote, na alisema waziwazi kwamba vijana weusi wanatumwa kupigana na watu wa rangi nyingine kwa ajili ya inchi isiyowapa haki. Melba Moore na Ronnie Dyson walijulikana kupitia jukwaa hilo. Diane Keaton pia alianzia humo.

Nyimbo redioni, kesi mahakamani

Baada ya Broadway, nyimbo zilitoka nje ya teatre. Diski ya waigizaji ilikaa majuma 13 nafasi ya kwanza Marekani mwaka 1969. Kundi la The 5th Dimension liliunganisha nyimbo mbili za mchezo, Aquarius na Let the Sunshine In, na wimbo huo ukakaa majuma sita nafasi ya kwanza. Nina Simone alichukua nyingine mbili, akazifanya wimbo mmoja unaojulikana mpaka leo katika kila bara.

Uingereza, mchezo ulingoja sheria. Tangu mwaka 1737 michezo yote ya teatre ilipaswa kupita kwa mkubwa wa nyumba ya mfalme ili ikubaliwe au ikatwe. Sheria hiyo ilikufa tarehe 26 mwezi wa tisa 1968. Hair ilifunguliwa London kesho yake, na ikachezwa mara 1,997, mpaka dari ya teatre ilipoanguka mwezi wa saba 1973. Paris iliipokea mwaka 1969, kwa Kifaransa, katika teatre ya Porte Saint-Martin. Claude wa Paris alikuwa kijana asiyejulikana sana bado: Julien Clerc. Wasikilizaji wa muziki wa Kifaransa katika Kongo wanajua alipofika baadaye.

Kwingine milango ilifungwa. Acapulco, Mexico, mchezo ulichezwa usiku mmoja tu wa 1969, serikali ikaufunga. Mwaka 1970, wanaanga wawili wa Apollo 13 waliotoka kuponea kifo angani walikuja Biltmore, wakaondoka katikati ya mchezo kwa hasira juu ya namna bendera ya inchi yao ilivyotumiwa. Boston, mchezo ulisimamishwa mwaka ule ule kwa sababu ya bendera na uchi, ukarudi baada ya kesi katika mahakama za shirikisho.

Kesi kubwa ilitoka Chattanooga, jimbo la Tennessee. Wakubwa wa mji walikataa kukodisha ukumbi wa serikali kwa Hair bila hata kuutazama, kwa yale waliyoyasikia tu. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwezi wa tatu 1975 mahakama iliamua kwamba mji haukuwa na haki ya kuzuia mchezo kwa namna hiyo, kabla haujachezwa na bila njia ya kweli ya kupinga uamuzi. Tangu siku ile, uamuzi huo unafundishwa kwa wanasheria wa Marekani kama ulinzi wa teatre yote, hata ile isiyopendwa na mtu.

Wapinzani hawakuwa wakubwa wa serikali peke yao. Kati ya mahipi wenyewe wako waliosema mchezo umeuza maisha yao kwa matajiri wenye pesa za tiketi za Broadway. Wazazi waliona bangi inasifiwa jukwaani. Lawama hizo hazikuwa bure. Madawa ya kulevya yaliua vijana wengi wa kizazi kile, na mchezo haukuwaonya. Ragni aliandika aliyoyaona, pamoja na makosa yake.

Baada ya Hair

Ragni alipata pesa na jina. Alitaka kufanya kitu kikubwa zaidi. Bila Rado, lakini na MacDermot tena, aliandika Dude, hadithi ya kijana anayepita katikati ya wema na uovu wa dunia. Teatre nzima ilibomolewa ndani ili ijengwe upya, udongo ukaletwa, viti vikapangwa kuzunguka jukwaa. Mchezo ulifunguliwa Broadway mwezi wa kumi 1972. Watazamaji hawakuelewa. Baada ya kuchezwa mara 16, ulifungwa. Pesa nyingi zilipotea.

Miezi mitatu tu ilikuwa imepita tangu Hair yenyewe kufungwa Biltmore, tarehe 1 mwezi wa saba 1972. Kwa hiyo ndani ya mwaka mmoja Ragni alipoteza kazi iliyomfanya ajulikane na ile aliyotumaini kuwa ya pili. Baadaye alirudi kufanya kazi na Rado, wakaandika pamoja tena, lakini hakuna kilichofika pale pa kwanza.

Mwaka 1979, mwongozaji Miloš Forman, aliyetoka Chekoslovakia, alitoa filamu ya Hair. Filamu ilipendwa na wengi. Ragni na Rado hawakuipenda. Katika filamu Claude ni mtoto wa shamba kutoka Oklahoma, na anayekufa ni Berger, aliyepelekwa Vietnam kwa makosa mahali pa rafiki yake. Kwa waandishi, kosa halikuwa dogo. Berger wa filamu anakufa kwa bahati mbaya. Claude wa jukwaani anakufa kwa sababu hakuweza kusema hapana. Ukitoa swali hilo, mchezo ni nyimbo tu.

Ragni aliendelea kuishi New York, akiandika na kurudia kurasa zake. Kansa ilimshika. Alikufa tarehe 10 mwezi wa saba 1991, akiwa na miaka 55. Joseph Papp, aliyepokea kurasa zake kwenye treni, alikufa mwezi wa kumi mwaka ule ule.

Kilichobaki

Hair haikusimamisha vita. Wakati wa kufunguliwa kwake Broadway, vita vilikuwa na miaka saba mbele yake. Waamerika zaidi ya 58,000 walikufa, na Wavietnam walikufa wengi kuliko hao mara nyingi. Kuitwa jeshini kwa lazima kuliisha mwaka 1973. Mwezi wa kwanza 1977, siku yake ya kwanza kamili ya kazi, Rais Jimmy Carter aliwasamehe wale waliokimbia mwito wa vita vya Vietnam, na baadhi yao wakarudi kutoka Kanada wakiwa wamezeeka miaka kumi.

Lakini mchezo haukukaa katika miaka ile. Mwaka 2008 Public Theater, ile ile ya Papp, iliurudisha katika Central Park, wakati vijana wengine wa Marekani walikuwa Iraki na Afghanistan. Mwaka 2009 ulirudi Broadway na kupata tuzo ya Tony ya mchezo bora uliorudishwa. Mwaka ule ule, majina ya Ragni, Rado na MacDermot yaliandikwa pamoja kati ya watunzi wa nyimbo wanaoheshimiwa na inchi yao. MacDermot alikufa mwaka 2018, Rado mwaka 2022.

Mpaka leo, mchezo unapochezwa, kuna desturi iliyoanza wakati wa Ragni. Claude akiisha kulala chini, nyimbo hazikatiki. Waigizaji wanashuka, wanawashika watazamaji mkono na kuwapandisha jukwaani kucheza nao. Watu wa miaka yote wanapanda: wazee waliowahi kubeba kadi ile ya jeshi mfukoni, na watoto wasioijua. Wanacheza mahali pale pale ambapo kijana amelala katika sare yake dakika chache zilizopita.